Koili Kwenye Pipa la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi saa kumi alasiri, mwenyekiti wa chama chetu cha redio atatega sikio akiwa mji wa pili. Atakayesikika kwanza kwenye masafa ya chini atakabidhiwa mnara wa chama mwaka mzima. Fundi saa wa mtaa wa nyuma anautaka. Hataupata!

Antena yangu ni fupi mno kwa mawimbi marefu hivyo. Dawa yake ni koili kubwa, waya uliozungushwa mara nyingi. Waya ninao: wa simu, mwembamba kama uzi. Cha kuuzungushia? Pipa la plastiki la maji ya kuoga la mama mkwe, tunayeishi naye, nje ya bafu.

Jumatano, 5 Juni
Mizunguko mia mbili! Mama mkwe kauliza mbona nimelifunga pipa bandeji. Nikamwambia nazuia nyufa. Kanishukuru.

Fundi saa kachungulia juu ya ukuta. Eti waya mwembamba na maji vitakula nguvu yote, antena ibaki na makombo. Eti atanipa waya mnene na fremu ya mbao kavu. Mjanja! Anataka nifumue kazi yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Jaribio, asubuhi nzima. Wati mia nne. Mshale wa mita ya antena umelala fofofo. Mama mkwe kafurahi: maji ya kuoga yamekuwa vuguvugu. Mke wangu kautazama mshale, kisha pipa. Nikaongeza wati.

Jumamosi, 8 Juni
Saa kumi kamili, nikaanza kurusha. Dakika ya tatu, dirishani: mama mkwe, kopo la bati mkononi, anaelekea pipani. Kwenye koili kuna maelfu ya volti! Nikizima, nimeshindwa.

Nilisita. Naandika ukweli, nilisita.

Kisha nikapiga kelele, “Mama, usiguse!” Cheche. Kopo likaruka. Ndipo nikazima.

Nilimkuta amekaa chini, kidole kimeungua. Akauliza polepole, “Mwanangu, ulijua?”

Mke wangu akajibu kwa niaba yangu: alijua.

Mwenyekiti kapiga simu. Fundi saa kasikika vizuri, kwa wati hamsini tu. Mimi sikusikika.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kahamia kwa shemeji yangu. Mke wangu kamsindikiza, hakusema atarudi lini. Fundi saa kaacha waya mnene mlangoni. Nimemrudishia.

Nimepiga hesabu upya. Kosa lilikuwa moja tu: wati chache. Halafu chumba cha mama mkwe ni kitupu, na kabati lake ni pana kuliko pipa. Hadi sasa nimelizungushia mizunguko arobaini, waya ule ule. Nimemtumia mke wangu ujumbe: amuulize mama kama nguo zilizobaki kabatini anazihitaji sana.