Naomba Jina la Taisiya Lifutwe

Kwa Ndugu Kocha Rodion Yermolayevich,

Salamu nyingi, na poleni na baridi. Mimi ni bibi yake Taisiya, yule msichana wa miaka kumi na saba unayemfundisha kuteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, na bunduki mgongoni. Nimesikia Ijumaa unapeleka mjini orodha ya kikosi cha vijana, na jina lake limo. Kwa heshima na taadhima naomba ulifute, kwa sababu hizi:

1. Kila asubuhi hulala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko langu, ameshika mpini wa ufagio, pumzi kaizuia, analenga vifungo vitano vya koti la marehemu babu yake kwenye picha ukutani. Marehemu alirudi kutoka jeshini bila hata mkwaruzo. Leo anauawa mara tano kabla ya chai. Jirani yangu Glafira aliingia kuomba chachu, akadhani mtoto kakata roho, akaanza kumwombea. Maiti ikamjibu, "Bibi Glafira, sogea, umeniziba kifungo cha tatu."

2. Wiki ya chapati za siagi, kabla ya mfungo, kala moja tu. Watu watasema simlishi.

3. Hiyo adhabu yenu. Mashindano ya wilaya alikosa shabaha nne, mkamzungusha mizunguko minne huku wenzake wakimpita. Mtoto akikosea si huambiwa pole? Sasa sheria hiyo kaileta nyumbani. Nilisahau chumvi kwenye supu ya kabichi, akaweka kijiko chini taratibu: "Bibi, kosa moja. Zunguka kibanda cha bafu la mvuke." Nikadhani utani. Nikazunguka, mie wa miaka sabini na moja, na skii za marehemu. Jumanne niliunguza uji na kumsingizia paka. Hayo yakawa makosa mawili.

4. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Glafira alileta umbea usio na ukweli, tukamzungusha mara tatu. Mwenyekiti wa kijiji, aliyetuahidi taa ya barabarani tangu mwaka juzi, siku hizi anapita njia ya nyuma.

5. Hili ndilo kubwa. Nimemlea tangu ana miaka mitatu. Akienda mjini, nani atanihesabia makosa? Nyumba itakuwa kimya, nami naogopa. Sioni haja ya kulipamba.

Naamini utatumia busara. Msalimie mkeo, na yule mzee anayepaka nta skii zenu, na wasichana wote, hata yule aliyemshinda Taisiya.

Ni mimi mwenye kinyongo na adabu zake,
Pelageya Tikhonovna

Nyongeza: Taisiya kaisoma barua kabla sijaifunga. Hakununa. Alihesabu sababu zangu kwa kidole, akasema, "Bibi, risasi tano, zote umekosa." Nikavaa skii. Mzunguko wa nne nililia kidogo. Wa tano nikampita Glafira, aliyekuwa akimalizia adhabu yake ya jana. Jina liache hapo hapo lilipo. Soksi zake nimeshazifungasha, na Ijumaa, kabla ya basi, tutakaa kitako kimya kidogo kama ilivyo desturi yetu kabla ya safari, ila wa kwanza kuinuka hatakuwa mimi. Muda wangu wa mizunguko mitano nimeuandika nyuma ya bahasha. Kama kikosini kuna nafasi ya wazee, nijulishe mapema, nimtafutie ng'ombe mtu wa kumkamua.