Moja ya Tano ya Mgeni

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma wa Matinyani, pamoja na majirani zetu wa Makueni wanaotusikia kwa mbali, kwamba sehemu na desimali sasa ziko salama. Zilikuwa hatarini kwa muda mrefu, na sisi tulikuwa tunapalilia kunde tu bila habari. Bahati nzuri serikali iligundua mapema, ikaunda Tume ya Pamoja ya Kaunti Mbili ya Kuthibitisha Uelewa wa Sehemu na Desimali.

Jina hilo halikuenea kwenye mlango mmoja wa gari lao. Mlango wa mbele uliandikwa Tume ya Pamoja ya Kuthibitisha, na yaliyobaki yakaandikwa mlango wa nyuma. Mtu wa nyuma akifungua mlango ashuke, huwezi tena kujua wanathibitisha nini. Lakini walishuka wamevaa suti, kwa hivyo hatukuuliza.

Mimi ni Syombua, nyanya yake Mutanu wa Gredi ya Tano, na pia Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Mapokezi na Lishe katika Shule ya Msingi ya Kwa Mulwa. Wengine huniita mpishi. Sibishani nao.

Maafisa walikuwa wanne. Mkubwa wao alikuwa Bwana Muindi, mzaliwa wa Kalamba, mwenye rula ndefu ya chuma ambayo hakuiweka chini hata alipokuwa anasalimia. Wa pili alikuwa msichana mpole anayeitwa Shiru, mwenye tableti. Wawili waliobaki walikuwa wataalamu. Hawakusema wana utaalamu wa nini, lakini walitikisa kichwa vizuri sana.

Bwana Muindi alisimama mbele ya watoto wakati wa gwaride akasoma tangazo. Alisema shule itakayopata chini ya sifuri nukta tano itahesabiwa kuwa haijaelewa, na mwalimu wake wa hesabu atahamishwa mara moja, apelekwe mahali pengine kwa manufaa ya umma. Wataalamu wakatikisa kichwa.

Mwalimu wetu wa hesabu ni Kanini. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka kidogo, nami nitaeleza kwa nini, halafu turudi kwenye mambo makubwa ya serikali.

Mutanu aliletwa kwangu wakati mama yake, Mumbua, alipopata kazi Emali. Mtoto alikuwa na kigugumizi. Neno lilikuwa linafika mlangoni linakataa kutoka, kama mbuzi anayeona mvua. Huko alikokuwa anasoma, watu walikuwa wanamalizia maneno yake kwa haraka ili waendelee na kazi zao. Mwalimu Kanini hakumalizia neno la mtoto huyo hata siku moja. Anauliza swali, anakaa kwenye dawati kando yake, anangoja. Darasa zima likajifunza kungoja. Siku hizi Mutanu hunibishia nyumbani mpaka uji unapoa, na mimi namshukuru Mungu kwa kila neno la ubishi. Sasa mtu wa namna hiyo akihamishwa, utamwambia nini mtoto?

Lakini mimi ni mtu wa kamati, na kamati haina moyo. Nikaenda jikoni.

Mtihani ulikuwa na Awamu ya Maandishi na Awamu ya Vitendo. Ya Vitendo ilihitaji chapati. Nilipewa maagizo kwamba kila chapati iwe duara kamili. Nilisema nitajaribu, ila moto wangu wa kuni haujasoma. Bwana Muindi alipima chapati ya kwanza kwa rula, akahuzunika, akaipitisha.

Swali lilikuwa hili: Watoto wanne wana chapati moja. Wakiigawa sawasawa, kila mtoto atapata sehemu gani? Andika jibu kwa sehemu na kwa desimali, kisha ugawe chapati mbele ya afisa.

Watoto wakaandika. Wakagawa kwa utulivu, wakala vipande vyao, wakafuta midomo. Shiru akakusanya karatasi, akaanza kusahihisha. Nilimwona anasimama, anaketi, anasimama tena.

"Bwana Muindi," akaita, "wote wamekosa."

"Wote?"

"Wote. Na wote wamekosa kwa jibu moja. Moja ya tano. Sifuri nukta mbili."

Bwana Muindi akazungusha macho darasani. Kwenye kila kundi la watoto wanne, chapati ilikuwa imekatwa vipande vitano. Vipande vinne vilikuwa vimeliwa. Cha tano kilikuwa kwenye kisahani, kimefunikwa.

"Huu," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu, "ni udanganyifu wa kikundi."

Ungetaka kujua kama serikali yetu inafanya kazi, ungekuwa pale. Papo hapo Tume iligeuka kuwa Tume ya Uchunguzi bila kubadilisha hata viti. Wataalamu walitafuta karatasi iliyovuja chini ya madawati, wakapata kalamu ya risasi na panzi. Vipande vilivyofunikwa vilikusanywa kwenye sahani moja kubwa, vikafunikwa kwa sahani nyingine, vikafungwa kwa utepe na kuandikwa VIELELEZO. Kisha washukiwa wakaanza kuhojiwa. Wa kwanza alikuwa Kiilu, ambaye hukaa mbele kwa sababu akikaa nyuma hucheka.

"Chapati ni ngapi?" Bwana Muindi akauliza.

"Moja, mwalimu."

"Watoto?"

"Wanne."

"Kwa hivyo kila mtoto anapata?"

"Moja ya tano."

"Na ile nyingine inaenda wapi?"

"Haiendi, mwalimu. Inakaa."

"Inakaa wapi?"

"Kwa sahani."

"Inakaa ikifanya nini?"

"Inangoja."

"Inangoja nani?"

Kiilu akafikiri sana, maana ni mtoto mkweli. "Hatumjui. Hajafika."

Shiru akaandika kwenye tableti kwamba mshukiwa mkuu hajafika.

Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa cha meza. Nilitaka kusema kwamba hapa kwetu hakuna nyumba inayogawa chakula mpaka kiishe. Mwenye kugawa huhesabu waliopo, halafu huongeza mmoja ambaye yuko njiani. Labda ni shemeji, labda ni mtu wa kutafuta mbuzi aliyepotea, labda hakuna. Kama hakuna, asubuhi mtoto wa mwisho anakula na chai. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kifungo. Lakini kwenye ajenda hapakuwa na nafasi ya maoni ya jikoni.

"Mwaitu," Bwana Muindi akaniambia, yaani mama yangu, kwa heshima kabisa, "chakula cha maafisa kiko tayari?"

Kilikuwa tayari. Kuku mmoja mkubwa na chapati zilizobaki. Maafisa wakaketi kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, na Bwana Muindi akaamua kutumia nafasi hiyo kumfundisha Mwalimu Kanini, ambaye alikuwa ameitwa asimame kando ashuhudie.

"Mwalimu, tazama. Watu wanne. Kuku mmoja." Akapima kuku kwa rula. Akakata. "Robo. Robo. Robo. Robo. Imebaki nini?"

"Hakuna, bwana," akasema Mwalimu Kanini.

"Hakuna! Hiyo ndiyo hesabu. Hesabu nzuri haibakishi."

Kweli haikubakisha. Walikula kwa viwango vya kitaifa. Mchuzi ulipanguswa kwa chapati ya mwisho, nayo ikagawanywa kwa rula. Nilipoondoa sahani, hata paka wa shule alizitazama akaenda zake. Mwalimu Kanini alinisaidia kubeba. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliniuliza kama mgongo wangu unauma. Huyo ndiye wanayetaka kuhamisha.

Ripoti ikaandikwa. Shule ya Kwa Mulwa: sifuri nukta sifuri. Mwalimu ahamishwe. Ilibaki sahihi ya Mkurugenzi wa Tume, Daktari Gathoni, ambaye alitarajiwa asubuhi lakini alikuwa Migwani anafungua mfereji wa maji. Hotuba zilikuwa nyingi kuliko maji, na hapakuwa na chakula. Gari lake likaingia shuleni jua likiwa limeshaanza kuteremka.

Akashuka mama mnene, mwenye heshima, miguu imevimba kidogo. Akaketi. Akanusa hewa.

"Nasikia harufu ya kuku," akasema.

Wataalamu wakaacha kutikisa kichwa.

"Alikuwapo, madamu," akasema Bwana Muindi. "Kwa sasa ameshathibitishwa."

"Hamkuniwekea hata bawa?"

"Madamu, tulikuwa wanne. Kuku alikuwa mmoja."

Daktari Gathoni alishika meza. Alikuwa ametoka alfajiri, na mimi nimelea watoto wa kutosha kujua mtu mwenye njaa anayejaribu kutolia. Macho yake yakaangukia sahani mbili zilizofungwa kwa utepe.

"Hiyo ni nini?"

"Hivyo ni vielelezo vya udanganyifu, madamu. Haviguswi."

Akavigusa. Akakata utepe kwa meno. Ndani mlikuwa na vipande vya chapati, laini bado kwa sababu vilifunikwa vizuri. Akala cha kwanza. Akala cha pili amefumba macho. Nikamletea chai bila kuulizwa. Alikula ushahidi wote mbele ya Tume nzima, na hakuna kanuni iliyotajwa.

Aliposhiba, akauliza, "Nani aliniwekea?"

Mlangoni palikuwa na kichwa kidogo, maana Mutanu alikuwa ananingoja twende nyumbani. Akafungua mdomo. Neno likakwama. Bwana Muindi akataka kulimalizia, lakini Mwalimu Kanini akainua mkono, taratibu tu. Tukangoja sote, serikali pamoja.

"Ni si-sisi," akasema Mutanu. "Ulikuwa hu-hujafika."

Daktari Gathoni akaomba aelezwe, na Shiru, ambaye siku nzima alikuwa na kitu cha kusema, akaeleza yote.

"Bwana Muindi," akasema Mkurugenzi, "mimi nimekula nini sasa hivi?"

"Madamu… kwa mujibu wa mwongozo wa usahihishaji, umekula kosa."

"Nimeshiba kosa?"

"Kwa mujibu wa mwongozo, madamu."

Akamgeukia Mutanu. "Kama ingekuwa chapati ya kuchora kwa karatasi, watoto wanne?"

"Ro-robo," Mutanu akasema. "Sifuri nukta mbili tano. Karatasi hailiwi."

"Mbona hamkuandika hivyo?"

"Wali-uliza chapati."

Daktari Gathoni akacheka mpaka kiti kikalia. "Bwana Muindi, wewe ulikulia wapi?"

"Kalamba, madamu."

"Na Kalamba mtu akichelewa shambani, anakuta sufuria imekwanguliwa?"

Bwana Muindi akaitazama rula yake. "La, madamu," akasema. "Mama alikuwa anafunika."

Hapo Kiilu naye akachomoza kichwa, maana huyo hajui shughuli isiyomhusu. Akaitazama sahani ya vielelezo, ilikuwa nyeupe pe. Akatazama nje, ambako dereva wa Mkurugenzi, Nzuki, alikuwa ameegemea gari, na tumbo lake pia lilikuwa limetoka Migwani.

"Na huyo?" akauliza.

Mkurugenzi akaangalia sahani. Akaangalia dirishani. Akawa mwekundu kama nyanya ya Kibwezi. Mimi nikaenda kumwita Nzuki jikoni, ambako kulikuwa na kipaja na chapati mbili chini ya sufuria iliyofunikwa. Kuku wa maafisa sikumpunguza. Kipaja hicho kilitoka kwa kuku wangu mwenyewe. Mwenyekiti wa Lishe hawezi kupika bila kuongeza mmoja.

Waraka ulitoka wiki iliyofuata, na ninausema hapa kwa fahari. Robo itaendelea kuwa robo kote nchini, isipokuwa mahali palipo na chakula cha kweli na mtu ambaye hajafika. Mwalimu Kanini atabaki Kwa Mulwa kwa manufaa ya umma. Na kwa kuwa imethibitika kwamba kuna watu hawajaelewa sehemu na desimali, maafisa wa Tume wa ngazi zote watahudhuria Gredi ya Tano mpaka waelewe. Mkurugenzi alitia sahihi, kisha akajiandika wa kwanza.

Wamekuwa wanafunzi wazuri, siwezi kusema uongo. Magoti yao yanagusa kidevu kwenye madawati, lakini wananyoosha mikono kabla ya kusema. Shiru alipita siku ya kwanza, sasa anasaidia kuwasha moto. Daktari Gathoni alipita siku ya pili, na Nzuki siku hizi anasema suruali inambana.

Jana ilikuwa zamu ya Bwana Muindi. Alipewa chapati moja na wenzake watatu, Mutanu akiwa msahihishaji. Alikata vipande vitano kwa rula, sawasawa kabisa. Akagawia wenzake. Akafunika cha tano, akakaa kumngoja mgeni, jasho likimtoka. Akatazama mlango. Akatazama kisahani. Akatazama mlango tena. Hakuna aliyetokea. Akafunua, akakila.

Kisha, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akaandika alichopata: mbili ya tano, sifuri nukta nne.

Mutanu alisoma jibu hilo polepole. Akaweka alama ya sahihi kwenye desimali. Chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: *Hesabu ni nzuri. Mgeni amelala njaa. Rudia kesho.*

Unga nimeshaukanda.