Mfungo Niliouchagua Ni Mwezi, Si Waya

Aboud Badawi,
Mpishi wa Karamu,
Shella, Malindi.

20 Aprili 1986

Kwa Bi Daktari Zipporah,
Chumba Namba Nne,
Hospitalini.

Bi Daktari mheshimiwa,

MINTARAFU: KUFUNGWA TAYA KWA MTU ALIYETAJA MWEZI

Shikamoo. Najua kwa umri ni wewe wa kuniamkia mimi, lakini mtu aliyekwisha kuiona picha ya moyo wangu ukutani namhesabu ni mkubwa wangu.

Mimi ni yule mzee uliyempima Jumanne iliyopita. Kama siku hiyo ulipima wazee wengi, basi ni yule ambaye mizani yenu ilimkataa. Mshale ulikwenda hadi mwisho, ukatetema, ukagoma, nawe ukaniandikia kikaratasi nikapimwe kwenye ghala la korosho. Karani wa ghala alinipokea kwa heshima zote. Alinipandisha kwenye mizani ya magunia, akasoma kilo mia moja na arobaini na sita, na katika daftari lake akaandika "magunia mawili kasoro kidogo". Kisha akauliza kama nimekwisha kaushwa.

Nikarudi kwako. Ulinieleza vizuri, kwa hilo sikulaumu. Ulichora tumbo langu kwenye karatasi, na karatasi ikatosha, jambo lililonishangaza. Ukasema moyo wangu ni mmoja lakini unafanya kazi ya kubeba watu wawili, na nikiendelea hivi huenda nisiimalize miaka miwili. Nilicheka. Mimi nikiogopa hucheka, muulize mke wangu Zuleikha. Siku ya kuozwa kwetu nilicheka mpaka wakwe wakaudhika.

Ukaniambia kuna bingwa wa upasuaji atakayefika Mombasa mwezi wa Juni, naye ana njia tatu za kumfunga mtu wa kimo changu cha upana. Ya kwanza, kulifunga tumbo kwa pini libaki kiasi cha finjani ya kahawa. Ya pili, kuufunga utumbo huku juu na kuuunganisha kule chini, chakula kipite njia ya mkato. Ya tatu, kuyafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, miezi sita, mtu awe anakunywa kwa mrija.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Uliweka kalamu tayari, ukaniuliza: mzee, unachagua mfungo gani?

Bi Daktari, wewe ni mtu wa bara, na Kiswahili chako ni cha kusifiwa. Lakini kwetu sisi mfungo ni mwezi. Ramadhani ikiisha twahesabu Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hata ufike Mfungo Sita, ambao ndio wa Maulidi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani ajua. Mimi nikadhani waniuliza ni lini. Nikajibu kwa adabu: Mfungo Sita, Maulidi yakishapita. Ukasema hakuna sita, mwisho ni tatu. Nikastaajabu, nikajiuliza serikali imepunguza miezi lini na mbona redio haikusema. Lakini sibishani na mtu aliyevaa kipimo cha moyo shingoni. Nikasema basi, kama mwisho ni tatu, niandikie Mfungo Tatu. Ukaniangalia sana, ukasema mimi ni mtu jasiri. Nikashukuru. Nikatoka kifua mbele, yaani tumbo mbele, kifua kikafuata.

Kadi mliyonipa ni ya Kiingereza, nikaitia ndani ya kofia. Jana binti yangu Harusi, aliyesoma, ameichukua akaisoma. Ni namba tatu. Waya. Tarehe kumi na sita Juni, ambayo kwa hesabu yetu ni Mfungo Mosi.

Kwa hiyo naomba kuyaweka mbele yako malalamiko yafuatayo:

1. Kwamba mimi nilipewa kuchagua. Mimi mgeni akija karamuni simuulizi mbuzi akatwe wapi. Mwenye kisu ndiye ajuaye. Wewe umesoma miaka saba, mimi nimesoma mpaka juzuu ya Amma, halafu washika kalamu waniuliza nachagua gani. Tangu jana silali, naamka nachagua, nalala nabadili.

2. Kwamba mpishi mwenye waya mdomoni si mpishi tena. Pilau ya watu mia nne haionjwi kwa mrija. Zuleikha adai kwamba kuonja kwangu ni sahani tatu. Huo ni uzushi. Ni sahani mbili, ya tatu huwa ni ya kuhakikisha. Msaidizi wangu Gona, mtu wa Vitengeni, amejitolea kuonja kwa niaba yangu, lakini Gona tangu nimjue hajawahi kula kitu kibaya. Mwaka juzi tulipounguza sufuria nzima huko Mambrui, yeye alisema ina ladha ya moshi mzuri.

3. Kuhusu finjani. Sikutaka kuhukumu kitu nisichokijaribu, basi nilitoa finjani kabatini nikaipakulia biriani. Ilienea michele ya kuhesabika, na kipande cha nyama kikakaa ukingoni hakijui kiingie au kishuke. Nikaila ile finjani. Nikangoja, kama ulivyosema, nione kama nimeshiba. Kisha nikala ushahidi wote uliobaki sufuriani. Zaidi ya hayo, hapa mtaani kwetu mtu akikukaribisha chakula ukala matonge mawili ukasema basi, huyo hakwambii kitu, lakini kesho utasikia una neno naye. Mwenye tumbo la finjani ndani ya mwezi mmoja atakuwa amegombana na Malindi nzima.

4. Njia ya mkato nimeifikiria kuliko zote. Umepata kupita Mariakani, Bi Daktari? Pale malori husimama, na kwa kuwa husimama, watu wauza chai, mayai, maziwa, na mji wote wapata kula. Leo barabara ikipindishwa ipite nyuma, utaona wale watu watakavyokaa vibarazani wakipigana na nzi. Sasa huo utumbo wangu mtakaouacha kando, utashinda ukifanya nini? Na hilo jambo jingine ulilolisema ukiangalia dirishani, kwamba mwenye njia ya mkato huenda chooni mara kwa mara na kwa haraka: nyumbani kwetu choo ni kimoja, nami naishi na mama mkwe wangu. Haraka yangu na haraka yake haziwezi kukutana mlangoni, nitakufa kwa haya kabla ya moyo.

5. Kwamba yule bingwa hatamgusa mtu mpaka kwanza apunguze kilo kumi na mbili. Yaani nikonde, ndipo nifae kukondeshwa. Nimelieleza jambo hili kwa watu watatu barazani na kila mmoja ameomba nirudie.

6. Hili si lalamiko, limeingia kwenye hesabu kwa makosa, lakini nisilifute nikaonekana mtu wa kuficha. Usidhani sijui hali yangu. Mwezi wa Februari tulikwenda Mnarani kuonana na wazazi wa Fumo, kijana aliyemposa Harusi. Pale Kilifi kwenye feri, yule mwenye kupanga magari aliniangalia nilipopanda, akaniita kwa heshima, akanisimamisha katikati, baina ya lori la mkaa na basi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikawaambia afadhali niko na wenzangu. Lakini Harusi hakucheka. Viatu vyangu anivisha yeye. Msikitini mwaka wa tatu huu nasujudu juu ya kiti. Nikipanda ngazi mbili nasema nimesimama kumtazama jirani, na jirani mwenyewe hayupo, amehamia Lamu.

7. Sasa lile lenyewe, na ndilo lililonishikisha kalamu. Harusi ya Harusi ni Mfungo Pili. Nina wana wanne wa kiume na wote wameoa, na katika ndoa ya mtoto wa kiume baba hana neno la kusema, hukaa akangoja chakula, kazi niliyoifanya vizuri mara nne. Lakini kwa binti, baba ndiye walii. Anamshika bwana harusi mkono mbele ya watu na kusema kwa ulimi wake: nimekuoza binti yangu fulani. Nimepika wali maisha yangu yote, Bi Daktari. Siku moja tu nimepewa nafasi ya kuwa walii. Neno lile nimeliweka miaka ishirini na mbili, tangu siku mkunga alipotoka akaniambia ni msichana. Nalisema peke yangu nikipepeta mchele. Na wewe wataka nilifikie nikiwa na waya, nimshike Fumo mkono nimwambie "mmmh mmmh mmmh", na kadhi aandike kwamba walii aliunguruma.

Kwa sababu hizo saba, au tuseme sita na nusu, naomba moja katika haya:

Kwanza, ile namba tatu ifutwe paandikwe Mfungo Tatu, mwezi, nami nitakuja nikiwa na akili timamu tuanze kuchagua upya.

Au pili, kwa kuwa mimi sijapata kujipikia nikala peke yangu hata siku moja, na kila tonge lililonifikisha hapa lilitoka katika mkono wa mtu aliyeniambia hebu ongeza kidogo, basi bingwa ashughulike na hao. Orodha ninayo. Yaanza na Zuleikha, mama yake, dada zangu watatu, na majirani wa pande zote mbili. Taya zao zikifungwa wasiweze kusema "ongeza", mimi nitakonda bila ya kumwaga damu.

Au tatu, ikiwa serikali imeshatoa waya na hairudishiki, basi uwekewe mlango. Sitaki mkubwa. Uwe wa kupitisha sentensi moja. Ufunguliwe siku ile, niseme, kisha ufungwe, na ufunguo akae nao kadhi.

Pamoja na barua hii Gona atakuletea chano cha biriani ya mbuzi, nimeipika mwenyewe leo asubuhi. Usiihesabu kuwa hongo. Ni kielelezo, uone ni kitu gani hasa mnachotaka kunitenganisha nacho.

Nisalimie Nesi Easter, aliyeunganisha tepu mbili za kupimia na hakusema neno. Nisalimie Kazungu wa getini, aliyenifungulia lango la magari bila ya mimi kuomba. Zuleikha akusalimu, na mama yake pia, ingawa hajui kwamba ametajwa. Nami nabaki hapa Shella, mahali pangu na pa yule mwenzangu anayebebwa na moyo wangu,

Aboud Badawi

Nyongeza: Bi Daktari, mwandiko huu mzuri si wangu, ni wa Harusi. Mimi nilikuwa nasema, yeye aandika. Alipomaliza lalamiko la saba aliweka kalamu chini. Nilidhani wino umekwisha. Kumbe analia. Akaniambia, baba, neno lile hata kadhi aweza kulisema kwa niaba yako, watu huwakilisha kila siku. Lakini kukaa pale nikuone, hakuna wakili wa kukukalia. Akasema anitaka niwepo, hata niwe kimya, na mwaka unaofuata pia anitaka, na ule wa baada yake. Kisha akashika kalamu akaniambia haya, endelea, yale maombi yako.

Nikacheka. Nilicheka mpaka Zuleikha akatoka jikoni kuja kunishika mkono, maana yeye ajua.

Basi yaliyo juu yote yafute. Usiniulize tena mfungo gani. Chagua wewe, ule ambao ungemchagulia baba yako mzazi. Ukiwa waya, na uwe waya, nitamshika Fumo mkono na kadhi atasema. Zile kilo kumi na mbili naanza kesho.

Na kile chano cha biriani kitakufikia kimepungua upande mmoja. Usimlaumu Gona. Nilikuwa naaga.