Ombi la Kutambuliwa Kuwa Mpangaji Katika Nyumba Yangu Mwenyewe

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umekaa, maana yaliyomo si ya kusomwa kwa kusimama.

Mimi ni yule binti wa nyumba ya kona, mkata vioo vya miwani. Nyumba ile niliinunua kwa mkopo nikiwa kijana mbichi, wenzangu wakinunua viatu. Wajomba walinicheka: msichana hajaolewa, vyumba vitatu vya nini? Nikawajibu kwamba kimoja changu, viwili nitapangisha, kodi itailisha benki nami nitapumua. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Nilichosahau kuweka ndani yake ni watu.

Kwa heshima na taadhima naleta malalamiko yangu:

1. Mpangaji wa kwanza ni mkunga mstaafu, Bibi Mkunga kwetu sote. Alipokuja kuangalia chumba, aliyehojiwa ni mimi. Nafanya kazi wapi? Nanawa mikono? Nilijibu vizuri, nikakubaliwa. Siku aliyohamia alilitazama kabati la sebuleni akasema limekaa kama mgonjwa aliyekataa dawa, tukalisukuma mpaka ukuta wa pili. Ni kweli pamependeza. Lakini hiyo si hoja.

2. Wa pili ni mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, kijana mpole mwenye mashavu mapana. Majirani wa upande wake walipolalamikia mazoezi, Bibi Mkunga aliitisha kikao, ikaamuliwa kijana ahamie chumba changu kikubwa cha nyuma, nami niende chake. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Nilinyoosha, sijui kwa nini. Kisha mama yangu mzazi akaja kunijulia hali, akaelewana na Bibi Mkunga kama pete na kidole, akagoma kuondoka. Mtoto hamlazi mama yake kwenye kochi, nikampisha. Sasa nalala stoo, kati ya ngazi na makopo ya rangi. Nimewapa shubiri, wamechukua pima.

3. Jikoni pamebandikwa sheria za nyumba ambazo sikuziandika. Mojawapo yasema sufuria isiyooshwa italazwa kitandani kwa aliyeitumia. Nimeshalala na sufuria, Ndugu Mwenyekiti. Mwenye nyumba mzima!

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Kuna muuza vifaa vya umeme aliyekuwa akinijia kwa heshima. Jumapili alikuja na maneno ya posa. Mama, Bibi Mkunga na mpiga tarumbeta wakajipanga kwenye kochi moja kama mahakama, mimi nikatumwa chai. Nikamsikia Bibi Mkunga akiuliza, "Sasa baba, ukishamuoa mtakaa wapi?" Naye bila haya, "Si hapa hapa? Hawa wapangaji wataondoka, na hati tutaibadili iwe na jina langu. Nyumba lazima iwe na baba." Kijana akanyanyua tarumbeta, akapuliza ule wimbo wa kumsindikiza bibi harusi anapoondoka kwao. Mchumba wangu akapuliziwa mpaka nje. Mama ndiye aliyemfungulia geti, akamwambia, "Karibu tena, mwanangu, lakini si kwa jambo hili." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, nacheka mpaka vikombe vinagongana na machozi yananitoka. Hata hivyo, ukweli unabaki kwamba sikuulizwa.

5. Jana alikuja fundi bomba, akauliza mwenye nyumba ni nani. Watu watatu wakajibu kwa pamoja, "Mimi." Ningekuwa wa nne. Nikaona aibu, nikanyamaza.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako initambue rasmi kuwa mpangaji. Mpangaji ana haki zake: hahamishwi bila notisi, mlango wake hubishwa hodi, na bomba likipasuka hulala fofofo akimlaumu mwenye nyumba. Mwenye nyumba uteue wewe kati ya wale watatu. Mimi nampendekeza Bibi Mkunga, ila benki iendelee kunidai mimi, tumeshazoeana. Na huyo utakayemteua atoboe dirisha stoo, kwa gharama zake.

Nisalimie mama watoto na karani wako. Mama anakusalimu sana. Bibi Mkunga naye anasema punguza chumvi, amekuona unavyohema ukipanda ngazi za ofisi.

Wako katika uvumilivu,
Mkazi wa Stoo, Nyumba ya Kona.

Baada ya kuandika: Nikiwa natafuta bahasha, mpiga tarumbeta amenijia kuaga. Amepata kijumba chake cha kununua, naye atapangisha vyumba. Mama ameshauliza kama jikoni kwake panaingia jua, na Bibi Mkunga ameanza kukunja mashuka. Ombi langu lote nimelifuta. Geti nimelifunga, ufunguo ninao, na barua hii naipitisha chini ya geti. Ukisikia tarumbeta likilia mchana kutwa, na mtu akija kukueleza kwamba mwenye nyumba amewafungia wapangaji wake ndani, usitume askari. Ni kweli amewafungia. Mwenye nyumba ni mimi.