Picha Yangu Dirishani kwa Jilala

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Kahama mjini, kununua chumvi. Nimerudi bila chumvi. Dirishani kwa Jilala, mpiga picha, ametundikwa Paskalia! Kakuzwa, katiwa fremu, miwani ya jua, mkoba mkononi. Paskalia aliyekuwa akisugua masufuria yangu enzi za utemi wa mume wangu! Leo ni mke wa karani wa ushirika, basi mji mzima unasimama kumtazama. Nikamwamuru Jilala amwondoe, aniweke mimi. Akajibu kwa adabu kwamba hana picha yangu. Kweli. Ataipata.

Jumatano, 3 Agosti

Gauni langu la harusi halinitoshi tena. Mume wangu kasema utemi ulifutwa, huu mwaka wa tatu; nikae nichambue pamba. Nimechambua, huku nawaza. Nimepata! Picha huona mbele tu. Gauni nimelipasua mgongoni, toka shingoni hadi kiunoni. Nitabana kwa pini.

Alhamisi, 4 Agosti

Picha imepigwa! Jilala alitaka kuniketisha mbele ya pazia. Pazia! Nikaamuru kioo chake kirefu kiwekwe nyuma yangu, ionekane sebule ya wakubwa. Akaanza, "Lakini mama, kioo…" Nikamnyamazisha. Nikamwagiza aitundike mara ikikauka, asiningoje.

Jumamosi, 6 Agosti

Mume wangu karudi kutoka mjini. Anasema watu wamejaa dirishani, na kila mmoja anainamisha kichwa. Wanainama! Utemi hakuna, na bado wanainama! Alikuwa akikohoa sana alipokuwa akieleza. Vumbi la njiani, maskini.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimekwenda kupokea heshima yangu. Mbele, malkia. Nyuma, ndani ya kioo, mgongo mzima! Pini kumi na moja, na shimizi niliyoishona kwa mfuko wa unga. Maandishi yanaonekana, ila kinyumenyume. Watu wanainamisha vichwa ili wasome UNGA SAFI.

Mara Paskalia akatokea. "Shikamoo, Mama Ansgar." Zamani angeniita Ngole, kama ipasavyo mke wa mtemi. Sikuitikia. Akaingia ndani, akasema na Jilala, akatoka na picha yangu imefungwa kwenye gazeti. "Hii yako, mama. Na yangu nimemwambia aitoe, watu wasije wakatulinganisha."

Macho yaliniwasha. Nilitaka kusema asante, ulimi ukagoma. Nikasema marahaba, kwa kuchelewa.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeshaelewa. Wivu! Picha yangu ilijaza watu kuliko yake, ndiyo maana kaziondoa zote mbili. Karibu animalize kwa upole ule!

Kahama ni padogo kwangu. Nasikia Shinyanga yuko mpiga picha mwenye ndege iliyochorwa kwenye ubao; unasimama mlangoni, unaonekana unashuka kutoka Ulaya. Nimeshatuma mtu akaupime upana wa huo mlango.