Nilivyokaribia Kumpata Reuben

Ijumaa, 7 Novemba 2014
Kanisani, hapa Doha, ambako ibada ni Ijumaa na shule huanza Jumapili. Reuben, mpiga kinanda wa vijana, aliniuliza kama kiti cha kando yangu kina mtu. Nikajibu, "Salama, na wewe?" Miaka kumi na sita duniani, na hilo ndilo lililotoka. Akaenda kuketi na Milcah, mwenye sauti tamu na anayejua vyema kwamba ni tamu. Binamu yangu Kwamboka anasema aibu huisha kwa mazoezi: nianze na wasiojibu. Hajawahi kuwa na mpenzi, lakini ni mtaalamu.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya shule, duka la nguo, Abu Hamour. Nilichagua sanamu ya kiume iliyovaa kanzu. Haina kichwa. Afadhali. Nikaiambia naitwa Nyaboke na napenda inavyopiga kinanda. Maneno yalitiririka! Nikaushika mkono wake. Mkono ukang'oka. Mlinzi akaja, na ni nani kama si Anko Herbert, wa kijijini kwa kina Mama. Akauliza nafanya nini. Nikasema naomba. Nikafumba macho kuthibitisha, mkono wa plastiki kifuani.

Jumatatu, 10 Novemba
Anko kampigia Mama. Nilingoja kugombezwa. Mama alilia kwa furaha. Kumbe nyanya yake naye alikuwa mwombaji, popote, wakati wowote. Ameshazungumza na mchungaji: Ijumaa naongoza maombi ya vijana. Mbele ya watu. Mbele ya Reuben. Kwamboka alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Jumatano, 12 Novemba
Nimejaribu kuugua. Nilitumbukiza kipimajoto kwenye chai. Nilisahau kwamba Mama ni muuguzi. Akakitazama, akasema kwa joto hilo ningekuwa nimeshaiva, nimalize chai nikapige gauni pasi.

Ijumaa, 14 Novemba
Nilisimama mbele. Mchungaji akasema tufumbe macho. Wote wakafumba. Hakuna aliyenitazama! Nikafunguka. Niliombea wauguzi, madereva, walinzi (hasa wenye midomo mirefu), mitihani na joto la Doha. Kisha wapiga vinanda: wafumbuliwe macho wamwone aliye karibu nao. Amina ilitikisa madirisha.

Reuben akanifuata hadi kwenye maegesho. Akauliza kama lile ombi la wapiga vinanda lilimhusu yeye. Nikasema ndiyo. Neno zima, bila kukwama!

"Basi limejibiwa," akasema. "Nimefumbuliwa macho. Ni Milcah. Amekuwa karibu nami muda wote huu."

Nikajifanya nasoma namba ya gari la mtu.

"Lakini naona haya, Nyaboke. Sijui hata nianzie wapi. Wewe una ujasiri. Nisaidie."

Nikasema nitasaidia. Ujasiri wote ule, na ndipo ulipoishia.

Jumamosi, 15 Novemba
Nililia kidogo, nikala chapati. Kwamboka anasema nimwambie Reuben ukweli, sentensi moja tu, yaishe. Maskini, hajui mapenzi. Nina mpango bora zaidi. Nimemwandikia Reuben kwamba aibu huisha kwa mazoezi: aje kwetu kila siku baada ya shule, anitongoze mimi nikijifanya Milcah. Amekubali. Tunaanza kesho. Nimeshajifunza kucheka kama Milcah. Mama ameuliza kutoka jikoni kama nimepaliwa. Reuben akifika pale pa kusema "nakupenda," nitamrudisha mwanzo mpaka aseme vizuri.