Sandarusi ya Ngozi ya Papa

Bagamoyo, Jumatatu, 2 Agosti 1886

Paskalina,

Mama yako amekuja. Bila habari! Nilikuwa mlangoni napiga mswaki, nikaona kikapu kwanza, kisha mama yako chini yake. Nikaruka nyuma ya mlango, maana kwenu mkwe hatazamani na mkwe wake. Kutoka huko nikasema shikamoo, mama. Yeye, asiyeruhusiwa kunisemesha, akageukia kinu. "Ewe kinu, mwambie marahaba."

Kisha akamtumia mwanetu Evarista. Mimi niko nyuma ya ubao mmoja tu, nasikia kila neno, lakini mtoto ilibidi ayachukue maneno na kuyaleta kama maji. Bibi anasema huna kazi. Bibi anasema mtoto ni wa upande wa mama. Bibi anasema anakwenda naye Mkange.

Nilishtuka hata mswaki ukaniponyoka. Nikamwambia Evarista amwambie Bibi kwamba kazi ninayo, ila haijaanza. Mama yako akachekea puani. Akakiambia kinu kwamba ataondoka Jumamosi. Kama kazi haijaanza hadi hapo, kinu kisimlaumu mtu.

Tangu padri aniondoe bustanini (lile jambo la mbuzi na kabichi, unalijua) sikuwa na haraka ya kutafuta kazi nyingine. Sasa haraka ninayo. Evarista akicheka huziba pua kama wewe. Nani atacheka hivyo humu ndani akienda?

Jumanne, 3 Agosti

Habari njema! Nimezipata kwa Ferdinandi. Unamkumbuka: tulisoma wote misheni, na kwenye mazishi yako aliimba juu kuliko watu wote, kama kwamba marehemu ni wake. Anasema Rajabali, yule mwenye ghala karibu na forodha, anatafuta mtu wa kumletea sandarusi msimu mzima. Inakwenda Bombay. Ijumaa atatazama mizigo ya wanaoitaka kazi, na atachagua mmoja.

Ferdinandi akaniambia ni vizuri kwanza kwenda kumuuliza Rajabali anataka ya namna gani. Masikini Ferdinandi! Mtoto wa pwani amuulize Mhindi sandarusi nzuri ni ipi? Kila mtu anajua. Nzuri ni utomvu wa mti uliolala ardhini miaka na miaka. Ngumu kama jiwe, na ukiiosha mchanga unakuta vipele juu yake, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mbaya ni ile mbichi inayobanduliwa mtini, laini, haina vipele. Hiyo tunaiita chakazi, na jina lenyewe halina heshima.

Tatizo ni kwamba ya ardhini inataka wachimbaji na siku nyingi. Mimi nina mikono miwili tu. Chakazi, hata hivyo, iko tele. Nimekwenda msituni, nimejaza kikapu kabla ya adhuhuri.

Sasa, Paskalina, fikiri. Baina ya mbaya na nzuri kuna nini? Vipele tu!

Jumatano, 4 Agosti

Nimevipata vipele.

Nilipita kwa Mtoro seremala, nikamkuta anasugua mlango kwa ngozi ya papa ili mbao zilainike. Nikaishika. Vipele vidogo vidogo, vya kupendeza, vimepangwa kama na malaika! Nikamwomba aniazime. Akasema iko nyingine imetoka Saadani juzi, haijakauka sawasawa, hiyo naweza kuichukua, lakini niache kitu cha amana. Nimeacha koti langu la harusi. Usikasirike.

Kazi ni hivi: napasha kipande cha chakazi juu ya kaa la moto mpaka kilegee kidogo, nakikandamiza kwenye ngozi ya papa, nakitia maji. Vipele! Kipande cha kwanza kilipotoka nilipiga kelele hata Evarista akaja mbio. Alinisaidia kuvikausha juani. Akauliza kwa nini tunavidanganya. Nikasema hatuvidanganyi, tunavikuza.

Mama yako ameuliza chungu kwamba ni nani anayepika papa nyumba hii asiwakaribishe watu.

Alhamisi, 5 Agosti

Kikapu kimejaa. Ukikitazama utaapa kimetoka tumboni mwa ardhi.

Lakini kinanuka. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta paka wamekaa safu, wa mtaa mzima, hata yule kipofu wa msikitini. Nimekiosha kikapu kwa majivu. Nimekisugua kwa ndimu. Nimekifukiza udi ule wako uliobaki, nao ulinitia simanzi, maana ni harufu ya Jumapili zetu. Sasa kinanuka papa aliyekwenda harusini.

Ferdinandi amepita na mzigo wake. Nimeutazama nikashtuka: chakazi tupu! Na magome yake! Na sisimizi! Kwa upole nikamshauri arudi nyumbani asijiaibishe. Akaniuliza, "Ndugu yangu, ulikwenda kumuuliza Rajabali?" Nikamjibu kwamba wengine tuna macho. Akanusa hewa, akatazama paka, akasema, "Na wengine tuna pua."

Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 6 Agosti

Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Nimefika ghalani, na paka nyuma yangu. Rajabali amekaa kwenye mkeka, mkewe Dolat yuko mlangoni, mchele mbele yake, anakamulia mchuzi ukwaju. Dolat alikuwa wa kwanza kuziba pua kwa mtandio. Nikamwaga vipande mbele ya mumewe, vipele juu. Akachukua kimoja. Akakinusa. Akakikwaruza kwa ukucha, ukucha ukazama. Akakiweka juu ya kaa la buruma lake la kuvutia tumbaku, kikayeyuka kama samli, na ghala zima likawa soko la samaki.

"Arre, Kasian! Hii sandarusi, ama kitoweo?"

Wapagazi wakaanguka kwa kucheka. Mmoja akauliza kama wali uko tayari.

Nikakiri. Nikasema ilikuwa chakazi, nami nimejitahidi kuitengeneza. Hapo Rajabali akaacha kucheka. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Akasema sandarusi ngumu inakwenda Ulaya, na ina wanunuzi wake Unguja, wala yeye hana haja nayo. Bombay wanataka chakazi. Wanaipika vanishi ya kung'arisha masanduku. Ningemletea ile ya mtini na magome yake angenipa kazi palepale, maana wengine wote wamemletea vikapu nusu.

Chakazi! Nilikuwa nayo! Kikapu kizima! Nilikuwa na mali halisi mkononi, nikashinda mchana kutwa kuigeuza iwe ya uwongo, tena uwongo wa kitu ambacho mwenyewe hakitaki!

Nikamwuliza kama haiwezi kupikwa hivyo hivyo. Akaniuliza ni bibi harusi gani wa Bombay atakayepokea sanduku linalonuka papa.

Kazi kapata Ferdinandi. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Alisema, "Pole, ndugu," akanipa muhogo wa kuchoma. Nimempelekea Evarista.

Jumamosi, 7 Agosti

Alfajiri mama yako alifunga mizigo. Mimi nilisimama nje, uso ukutani, kama desturi inavyotaka, na kama macho yangu yalivyotaka. Kinu kilikuwa ndani, mlango umefungwa. Hakukuwa na wa kupitishia maneno ila mtoto.

Bibi akamwambia Evarista amuage baba yake, na amwambie awe anakula. Evarista hakuja. Bibi akarudia. Ndipo mwanao akakaa njiani mavumbini, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akalia kwa nguvu.

"Mwambie mwenyewe! Mimi nimechoka!"

Jirani waliokuwa wanafagia wakaacha kufagia. Mama yako akatafuta kitu cha kukisemesha. Hakuna chungu, hakuna kinu. Nilimsikia akipumua.

"Kasian."

Paskalina, ameniita jina! Mkwe kumwita mkwe! Nikadhani ni laana.

Akasema mwanawe alinipenda, na yeye hajajua mpaka leo kwa sababu gani. Akasema ameshamzika mmoja, hataki kumsikia mwingine akilia njia nzima hadi Mkange. "Chukua kikapu. Mkange jembe liko, na jembe ni kazi. Utatembea nyuma yangu, mbali, na upande ambao upepo hautuletei."

Evarista akaondoa mikono masikioni. Akacheka, akaziba pua. Sijui kama ni kwa ajili yako au kwa ajili ya papa.

Mkange, Jumatano, 11 Agosti

Tumefika salama. Mto Wami tuliuvuka kwa mtumbwi, mama yako mbele na mimi nyuma, na Evarista katikati akiimba. Nalima tangu Jumatatu. Mikono imechubuka. Mtoto ananenepa. Ningeweza kuishi hivi.

Lakini leo nimeinua macho kutoka kwenye jembe nikaona jambo ambalo hakuna aliyeliona kabla yangu. Ukwaju! Mikwaju mitupu kila upande, na matunda yanaanguka bure! Nami nimekwisha kumwona Dolat kwa macho yangu akiukamulia mchuzini, tena akiupenda kuliko nyama. Basi Wahindi wote wanaupenda. Basi kwao hauko! Nitapeleka ukwaju Bombay, majahazi kwa majahazi. Nimekwisha kujaza vikapu vitatu, na jembe nimelilaza.

Mama yako amerudi kwenye desturi. Alikuja akaliambia jembe, "Ewe jembe, muulize huyo kama amemuuliza Mhindi yeyote iwapo Bombay hakuna mikwaju."

Nimelijibu jembe kwamba mfanyabiashara anayeuliza maswali huibiwa wazo lake.

Wewe huko uliko, mke wangu, usiache kunikumbuka.